Barua Pepe na Mfumo wa Faili: Mahali Kasi Inapopotelea



Fundi yeyote anayehudumia ofisi analijua lalamiko hili: programu ya barua pepe inaganda. Mtu anabofya folda ya barua zilizoingia, dirisha linageuka jeupe, anasubiri mpaka anakata tamaa. Dawa mbili hutolewa upesi: nunua kompyuta mpya, au badilisha programu. Kuna siku dawa hizo huponya. Mimi leo nataka tutazame mahali ambapo wengi hawatazami, yaani mfumo wa faili: ile sehemu ya mfumo endeshi inayoamua data ikae wapi kwenye diski, ijulikane kwa jina gani, na iandikwe lini.

Ninachodai ni kwamba katika kazi za kawaida za ofisini hakuna inayoubana mfumo wa faili kama barua pepe. Barua pepe hutaka mambo matatu kwa pamoja. Hutaka vitu vidogo vidogo vingi mno vihifadhiwe bila kula nafasi. Hutaka vitu hivyo viguswe kila saa: visomwe, vitiwe alama, vihamishwe, vifutwe. Tena hutaka hakikisho kwamba kilichopokelewa hakitapotea hata umeme ukikatika sekunde ileile. Mfumo wa faili unaoyaweza vizuri mawili kati ya haya si mgumu kuupata. La tatu hulipiwa, na malipo yake ni muda wetu wa kusubiri.

Tuanze na jinsi barua zinavyokaa. Mtindo mkongwe zaidi, uliotokana na mfumo endeshi wa Unix, unaitwa mbox. Barua zote za folda moja hufuatana ndani ya faili moja, na kila barua huanza kwa mstari wenye neno From likifuatwa na nafasi. Programu ya barua ya Thunderbird inafuata mtindo huu hadi leo usipoiagiza vingine. Mtindo huu una sifa kubwa ambayo vijana huidharau: diski ya kuzunguka inaupenda. Ukitafuta neno moja katika barua 10,000, programu hufungua faili moja na kulisoma moja kwa moja hadi mwisho, na kichwa cha diski hakirukiruki huku na kule.

Shida huanza unapofuta. Chukua faili la mbox lenye gigabaiti 3, ufute barua ya kilobaiti 5 iliyo katikati yake. Mfumo wa faili hauna njia ya kawaida ya kung'oa kipande kidogo kama hicho na kukisogeza kilichobaki kijaze pengo. Kwa hiyo Thunderbird huitia barua hiyo alama ya kufutwa na kuiacha palepale. Siku utakapoiamuru ibane folda, hunakili barua zote zilizo hai kwenye faili jipya, kisha hulitupa lile la zamani. Hapo ndipo watu wengi hunasa. Mtu diski yake imejaa, anaamua kubana folda ili apate nafasi, na kazi ya kubana yenyewe inadai nafasi inayokaribia ukubwa wa folda nzima. Kazi inagoma, naye anaamini programu imeharibika.

Nakala ya akiba nayo huathirika. Barua moja mpya ikiingia, faili zima la gigabaiti 3 linahesabiwa kuwa limebadilika, na programu ya akiba inayopeleka mafaili mazima hulinakili lote upya. Kwa mtu anayepeleka akiba yake mtandaoni kwa bando la simu, huo ni mzigo wa kila siku kwa sababu ya barua moja. Kwenye Windows kuna hatari nyingine tena: programu ya kuzuia virusi ikikuta kiambatisho kibaya ndani ya mbox, inaweza kulifungia faili lote, na folda nzima ikatoweka machoni pa mwenyewe kwa kosa la barua moja.

Katikati ya miaka ya 1990 Daniel J. Bernstein, aliyeandika programu ya seva iitwayo qmail, alileta mtindo wa Maildir. Humo kila barua ni faili lake. Folda ina saraka tatu: tmp, new na cur. Barua inapofika huandikwa kwanza ndani ya tmp kwa jina lisilofanana na jingine lolote. Ikishakamilika na kufika diskini, huhamishiwa new. Msomaji anapoifikia huhamia cur, na alama zake huongezwa mwishoni mwa jina la faili: S ikimaanisha imesomwa, R ikimaanisha imejibiwa. Tazameni uzuri wake. Kitendo cha kubadili jina la faili ama kimefanyika ama hakijafanyika, nusu haipo, kwa hiyo barua iliyokatika katikati haiwezi kuonekana ndani ya new. Programu mbili zinaweza kufanya kazi katika folda moja bila kufungiana milango. Kufuta barua ni kufuta faili moja, basi.

Lakini mzigo haukuondoka, ulihama. Kazi iliyokuwa ikifanywa na programu ya barua, yaani kujua barua ipo wapi, imepewa mfumo wa faili. Na hapa ndipo uchaguzi wa mfumo huo unapoonekana waziwazi.

Linux ya miaka ya 1990 ilitumia mfumo wa faili wa ext2. Katika ext2 saraka ni orodha isiyopangwa: ukitaka faili kwa jina, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huisoma orodha tangu mwanzo mpaka ilikute. Saraka ikiwa na majina 50 hakuna atakayehisi. Sasa weka barua 20,000. Kila jina hutafutwa kwa kupitia wastani wa majina 10,000, na programu inayofungua barua zote ili ionyeshe orodha ya wapelekaji na vichwa vya habari hulinganisha majina mara milioni 200. Ongeza barua ziwe maradufu, kazi inakuwa mara nne. Ndiyo maana folda inayokwenda vizuri mwaka mzima huweza kuonekana kana kwamba imezeeka ghafla.

ReiserFS, mfumo mwingine wa faili, ilipoingia katika kerneli 2.4.1 mwaka 2001, wasimamizi wengi wa seva za barua waliipokea kwa shangwe, na walikuwa na haki. Ilipanga majina kwa mti wa utafutaji, na mikia ya mafaili madogo iliiweka pamoja badala ya kulipa kila faili sehemu nzima ya diski. Kwa Maildir lilikuwa vazi lililoshonwa kwa kipimo. Baadaye matengenezo yake yalififia, na mwanzoni mwa 2025 iliondolewa kabisa katika kerneli 6.13. Nawaomba mlizingatie hili mnapovutiwa na mfumo kwa ajili ya kasi yake tu. Barua za ofisi hukaa miaka mingi, na mfumo wa faili lazima uwe na watu watakaoutunza kwa miaka hiyohiyo.

Ext3, na baadaye ext4, zilipata dawa yao: faharasa ya saraka, iliyobuniwa na Daniel Phillips. Jina la faili hugeuzwa kuwa namba kwa hesabu maalumu, na namba hiyo huonyesha moja kwa moja pa kutafuta. Kupata faili moja kati ya 20,000 kukawa jambo dogo. Ila dawa hii ilileta maumivu mapya, ambayo naona yanafundisha kuliko yote, na nitayakalia kidogo.

Programu inapoiuliza saraka ya ext4 ina mafaili gani, majina huja kwa mpangilio wa zile namba za hesabu, ambao kwa macho ya diski ni vurugu tupu. Taarifa za kila faili, yaani ukubwa wake na mahali data yake ilipo, zimo ndani ya inodi, na inodi zimepangwa diskini kwa mpangilio mwingine kabisa. Programu ikifungua barua kwa utaratibu ule ule majina yalivyokuja, kichwa cha diski kinarushwa mbele na nyuma kwa kila barua. Tupige hesabu kwa diski ya kompyuta ya mkononi inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, aina ambayo bado imejaa katika mashine zilizotumika zinazouzwa madukani kwetu. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11, hivyo wastani wa kusubiri data ipite chini ya kichwa ni kama milisekunde 5.6. Ongeza kama milisekunde 12 za kukisogeza kichwa chenyewe. Unapata usomaji usiozidi 60 hivi kwa sekunde. Barua 20,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya dakika tano, na kwa muda wote huo prosesa imekaa bila kazi. Ukimletea mtu huyu prosesa mpya hajafaidika chochote.

Theodore Ts'o, msimamizi mkuu wa ext4, aliandika maktaba ndogo ya programu iitwayo spd_readdir. Kazi yake ni moja: inadaka orodha ya majina kabla haijaifikia programu, inaipanga kwa namba za inodi, kisha ndipo inaikabidhi. Baada ya hapo kichwa cha diski hutembea upande mmoja. Mutt, programu ya barua inayotumika kwa kibodi tupu bila kipanya, ilipewa uwezo wa kupanga vivyo hivyo ndani yake yenyewe. Diski ni ileile, mfumo wa faili ni uleule, barua ni zilezile, ila mpangilio wa kuuliza umebadilika na mtu anasubiri kidogo mno kuliko awali. Ninyi mtakaoandika programu, jambo hili mlishike: mfumo wa faili hauna kasi moja. Una kasi kwa yule anayeijua tabia yake.

Mutt hiyohiyo ina kisa kingine. Unix tangu zamani huandika kwa kila faili muda liliposomwa mara ya mwisho. Hii ina maana kwamba hata kusoma tu kunazaa kuandika, na kwa folda yenye maelfu ya mafaili gharama yake si ndogo. Wasimamizi wengi walikuwa wakikizima kipengele hicho kwa chaguo la noatime, na kasi iliongezeka. Wakati huohuo wenye kutumia Mutt na mbox walianza kuona maajabu: barua mpya zimeingia, programu inasema hakuna kitu. Sababu ni kwamba Mutt ilitambua barua mpya kwa kulinganisha nyakati mbili. Faili likiwa limebadilishwa baada ya kusomwa mara ya mwisho, basi kuna jipya ndani. Muda wa kusomwa usipoandikwa, kipimo hicho hakifanyi kazi tena. Suluhisho likawa relatime: muda wa kusomwa huandikwa pale tu ule wa zamani unapokuwa nyuma ya muda wa kubadilishwa, au unapokuwa umepitwa na siku nzima. Tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009 huo ndio mtindo wa kawaida wa Linux. Kwa hiyo, ukisoma ushauri wa zamani unaokwambia uweke noatime kwa ajili ya kasi, jua kwamba faida kubwa ya ushauri huo umeshaipata bila kufanya lolote.

Sasa nije kwenye lile jambo la tatu, la umeme, ambalo sisi tunalijua kwa mwili wetu.

Programu inapoandika faili, mfumo endeshi haulipeleki diskini papo hapo. Hulihifadhi kwenye kumbukumbu, huyakusanya mengi, kisha huyaandika kwa mkupuo. Ndiyo siri kubwa ya kasi ya kompyuta zote. Programu inayotaka uhakika hutoa amri iitwayo fsync na kusubiri mpaka ijibiwe kwamba data imefika. Kwa barua pepe amri hii ni suala la uaminifu. Kanuni za SMTP, zinazoongoza upelekaji wa barua, husema seva ikishaikubali barua, jukumu la barua hiyo ni lake, na mashine kuzimika baadaye si udhuru wa kuipoteza. Kwa upande wa mtumiaji anayepakua barua kwa itifaki ya POP hali ni nyeti vilevile. Programu hupakua barua, huiamuru seva ifute nakala yake, kisha huaga. Ikiwa imeaga kabla ya fsync na umeme ukakatika, barua imepotea pande zote mbili na hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo fsync ni lazima. Swali ni bei yake, na bei hupangwa na mfumo wa faili. Ext3, kwa mpangilio wake wa kawaida, kabla ya kufunga ukurasa wa daftari lake la mabadiliko ilihakikisha data zote mpya zinazohusika zimeshafika diskini, si za faili lililoombwa peke yake. Fikirini mtu ananakili video ya harusi ya gigabaiti kadhaa, na barua ya kilobaiti 3 inaingia. Programu ya barua inaomba fsync ya kilobaiti zake 3, na inajikuta kwenye foleni nyuma ya video. Sekunde kadhaa zinapita, dirisha limeganda, na mtumiaji anailaumu programu ya barua. Mwaka 2008 Firefox 3, kivinjari cha wavuti, ilikumbwa na jambo hilihili hadharani, kwa kuwa ilianza kuhifadhi historia yake katika hifadhidata ya SQLite inayoita fsync mara kwa mara. Thunderbird 3 ya mwishoni mwa 2009 nayo ilikuja na utafutaji wake mpya uliojengwa juu ya SQLite.

Ext4, iliyotangazwa kuwa tayari katika kerneli 2.6.28 ya Desemba 2008, ilipunguza foleni hiyo kwa kuchelewesha uamuzi wa mahali pa kuweka data. Kasi ilipanda. Lakini miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2009, watu waliwasha mashine zilizozimika ghafla na kukuta mafaili yenye baiti 0. Programu zao zilikuwa hazijaita fsync. Ext3 iliwalea wakazoea kuokolewa bila kuomba. Ts'o alieleza kwamba kanuni za Unix hazikuwahi kutoa ahadi hiyo, watumiaji wakamkasirikia, na hatimaye kerneli 2.6.30 ikapata marekebisho yanayotambua pale faili jipya linapochukua nafasi ya la zamani na kuharakisha data yake diskini. Kwa maoni yangu Ts'o alisema kweli kuhusu kanuni, na watumiaji walisema kweli kuhusu maisha. Kwa barua, hata hivyo, sioni nafasi ya ubishi: programu inayopokea barua ya mtu bila kuita fsync imekosea, hata ingekuwa na kasi ya radi.

Diski zisizo na sehemu inayozunguka zimebadilisha mengi katika haya. Zile dakika tano za kurushwa kwa kichwa zinayeyuka kuwa sekunde chache, kwa sababu kichwa hakipo. Ndiyo maana nikiulizwa kompyuta ya zamani iboreshwe wapi kwa ajili ya barua, jibu langu la kwanza ni diski. Gharama ya fsync imepungua, haijaisha. Na mfumo wenye tabia ya kuandika kila badiliko mahali papya, kama Btrfs, una sifa ya kuhifadhi picha za hali ya jana kwa bei nafuu, ila hifadhidata kubwa ya barua inayoguswa kila dakika huvunjika vipande vingi ndani yake. Juu ya diski ya kuzunguka hilo linauma sana.

Kwenye Windows, mfumo wa faili wa NTFS huhimili saraka kubwa vizuri, lakini kila barua inayofunguliwa kama faili lake hupita kwanza kwa mkaguzi wa virusi, na ukaguzi mara 20,000 si mdogo. Tena Windows haikubali nukta pacha katika jina la faili, na Maildir huitumia kutenganisha jina na alama. Hii ni sababu mojawapo ya Maildir ya Thunderbird kutokuweka alama kwenye majina. Apple kwa upande wao waliiacha mbox mwaka 2005, Mac OS X 10.4 ilipotoka, wakaipa kila barua faili lake ili Spotlight, chombo chao cha utafutaji, iweze kuitafuta moja moja.

Flashi naitaja kwa uchungu, maana wengi wetu hubeba barua zetu humo. Mfumo wa FAT32 haupokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo mbox inayokua itagonga ukuta siku moja. Ukihamia exFAT ukuta huo unaondoka, lakini flashi kubwa kuliko gigabaiti 32 kwa kawaida hufomatiwa kwa vipande vya kilobaiti 128, na kila faili hulipa kipande kizima hata likiwa dogo. Barua 20,000 za kilobaiti 5 kila moja, ambazo ni megabaiti 100 tu za maandishi, zitakula zaidi ya gigabaiti 2. Na mifumo hii miwili haina daftari la mabadiliko: ukichomoa flashi wakati programu inaandika, unaweza kuharibu saraka yenyewe. Kwenye flashi, basi, bora mbox zilizogawanywa kwa mwaka.

Kwa mashine ya Linux inayotunza barua za ofisi ndogo, mimi huchagua ext4 na Maildir, na programu yenye faharasa yake ya vichwa vya barua ili isilazimike kufungua kila faili asubuhi. Jambo moja lazima lipangwe siku ya kufomati, kwa sababu baadaye halirekebishiki kirahisi. Ext4 huamua idadi ya inodi mwanzoni, kwa kawaida inodi moja kwa kila kilobaiti 16 za diski. Barua zikiwa ndogo, inodi huisha kabla ya nafasi: mfumo unasema diski imejaa, amri ya df inaonyesha nafasi tele, na fundi anazunguka siku nzima akitafuta faili kubwa lisilokuwepo. Amri ya df -i ndiyo inayoonyesha ukweli. Anayejua kwamba sehemu fulani ya diski itabeba barua tu, aifomati kwa inodi moja kwa kila kilobaiti 4, au achague mfumo wa XFS, ambao huongeza inodi kadiri zinavyohitajika.